Uwatu, soya, viazi vikuu na madini joto: ni chakula gani hugusa homoni kweli, na kwa njia ipi?

Mama Kihamba, Moshi

Habari za jioni, wanajukwaa. Nimekuwa nikitoa dawa dirishani hapa Moshi kwa miaka kumi na tisa, na siku hizi swali linalonifikia mara nyingi kuliko hata swali la bei ni hili: je, hakuna chakula au mti wa kuweka homoni sawa bila kumeza vidonge? Neno lenyewe limekuwa gunia la kutilia kila kitu. Chunusi ni homoni, kitambi ni homoni, hedhi ikiruka ni homoni, na mume akinuna siku mbili nayo pia ni homoni. Naomba niandike kwa urefu, kwa sababu majibu ya haraka ya dirishani yamenichosha, na nadhani yamewachosha hata wanaouliza.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Huu ni mwaka wa saba natumia levothairoksini, kidonge cha kuziba pengo la tezi ya shingo iliyolegea. Kipimo changu cha TSH, ambacho hupanda tezi inapopungukiwa, kilikuwa kimetulia kwenye 2 na ushei, hadi mwaka juzi kiliporuka hadi 11 ilhali sikuwa nimeacha kidonge hata siku moja. Daktari aliuliza maswali mengi, mwishowe akataka kujua nakunywa nini asubuhi. Nilikuwa nimeanza uji wa unga wa lishe wenye soya nyingi, niliosagisha mwenyewe, na kwa haraka ya kuwahi kazini nilikuwa nikisindikiza kidonge kwa uji huohuo. Soya huzuia sehemu ya dawa hiyo isifyonzwe utumbuni. Nilirudi kumeza kwa maji matupu na kusubiri saa nzima kabla ya uji, na baada ya wiki nane kipimo kilikuwa 3. Aibu yangu ni kwamba jambo hilohilo nilikuwa nikiwaeleza wengine dirishani karibu kila wiki.

Soya haikuigusa tezi yangu, iligusa dawa. Watu wengi huchanganya mambo haya. Kuna chakula kinachotoa malighafi ya kutengenezea homoni, kuna chakula kinachobadili mahitaji ya homoni (sukari ikipanda kongosho hulazimika kumwaga insulini zaidi), kuna mimea yenye viini vinavyofanana na homoni na kujibandika mahali pake, na kuna vyakula vinavyoingilia dawa. Mtu anaposema mmea fulani "unapandisha homoni", mimi humuuliza anazungumzia mlango upi kati ya hiyo, na mara nyingi mazungumzo huishia hapo.

Malighafi iliyo muhimu kuliko zote katika mikoa yetu ya milimani ni madini joto. Homoni ya thairoksini hubeba chembe nne za madini joto, na bila madini hayo tezi huvimba ikijaribu kunasa hata kidogo kilichopo. Huko ndiko kutoka kwa rovu, ambalo wazee wetu wa milimani walilizoea kiasi cha kulihesabu kuwa sura ya ukoo. Mvua ya karne nyingi imekwishaosha madini hayo kwenye udongo wa miteremko, kwa hiyo ndizi na mboga za kihamba, hata ziwe nzuri namna gani, haziwezi kutupatia kisichokuwamo ardhini. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 kwa siku na mjamzito 250, na upungufu wakati wa ujauzito huumiza ubongo wa mtoto. Dawa yake ni chumvi ya pakiti yenye madini joto, iliyofunikwa, isiyowekwa juani wala juu ya jiko, na inayotiwa chakula kikikaribia kuiva. Bado naona kina mama wakinunua chumvi ya mawe isiyo na pakiti kwa sababu eti ni "ya asili", kisha wananiuliza mti wa kutibu tezi.

Mihogo michungu isiyolowekwa na kukaushwa vizuri hutoa viini vinavyoizuia tezi kunasa madini joto. Kabichi na jamii yake ina viini vya namna hiyo pia, lakini kwa mtu anayetumia chumvi sahihi na kula kabichi iliyopikwa, hilo si jambo la kumkosesha usingizi. Na wale wanaokimbilia unga wa mwani kwa kuwa wamesikia una madini joto wajue kwamba ziko aina za mwani zenye madini hayo kupita kiasi, na kupita kiasi nako huivuruga tezi.

Sasa viazi vikuu, kwa kuwa ndivyo vilivyonifanya niandike. Wiki iliyopita mama mmoja alikuja na chupa ya unga wa kiazi kikuu aliouziwa kwa bei inayokaribia debe la mahindi, akiambiwa kuwa utampandishia projesteroni, homoni inayoandaa mji wa mimba, ili ashike mimba. Uongo huu umejengwa juu ya ukweli. Katika miaka ya 1940 mkemia wa Marekani, Russell Marker, alifanikiwa kutengeneza projesteroni nyingi kwa kutumia diosijenini iliyotolewa kwenye viazi vikuu vya porini vya Mexico, na kazi hiyo ndiyo iliyoshusha bei ya homoni na baadaye kusaidia kuzaliwa kwa vidonge vya uzazi wa mpango. Lakini alifanya hivyo maabara, hatua baada ya hatua, kwa kemikali. Mwili wa binadamu hauna vimeng'enya vya kuigeuza diosijenini kuwa projesteroni, hata ule viazi hivyo asubuhi, mchana na jioni. Kiazi kikuu kinachopanda mti nyuma ya nyumba yangu ni chakula kizuri cha kushibisha, na kukisaga hakukigeuzi kuwa dawa.

Uwatu ni habari nyingine, kwa sababu una kitu ndani yake. Ukiuloweka usiku, asubuhi unakuta mbegu zimevaa ute mzito kama wa bamia. Ute huo ni nyuzinyuzi zinazochelewesha sukari kuingia kwenye damu, na mbegu zina kiini cha aina ya amino kinachoisukuma kongosho kutoa insulini. Tafiti zilizofanywa kwa wagonjwa wa kisukari ni ndogondogo, ila nyingi zinaelekea upande mmoja: sukari hushuka kidogo. Kwa mtu anayetumia glibenklamaidi (kidonge cha kushusha sukari) au insulini, "kidogo" hicho kinaweza kumwangusha, na kwa anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, damu inaweza kuwa nyepesi mno. Wenye mzio wa karanga au dengu nao wawe waangalifu, kwa kuwa uwatu ni wa jamii hiyohiyo ya kunde. Mjamzito autumie kama kiungo cha mchuzi, si kwa vijiko. Na jasho likianza kunukia kama sukari iliyoungua usishtuke, ndivyo ulivyo.

Karibuni kwa maswali. Nikikosea mnisahihishe.

Mzee wa Tengeru

Nashukuru sana, mama, kwa maelezo yaliyopangika. Naomba nikurudishe kwenye soya. Vijana wangu wawili wanafanya mazoezi ya kunyanyua vyuma, na wamemkataza mama yao kuweka soya katika uji wa nyumbani kwa hoja kwamba inawaotesha wanaume matiti na kuwapunguzia nguvu. Mimi mwenyewe nimekula soya tangu enzi za miradi ya lishe na watoto nimewapata sita, lakini sina elimu ya kuwajibu zaidi ya hapo. Je, hofu yao ina msingi?

Mama Kihamba, Moshi

Shikamoo, mzee wangu. Ushahidi wa watoto sita si wa kudharauliwa.

Soya ina isoflavoni, viini vinavyofanana kwa umbo na estrojeni, homoni ya kike, na vinavyoweza kujibandika penye vipokezi vyake, ila kwa nguvu ndogo sana kuliko homoni yenyewe, na mahali pengine hufanya kazi kinyume kwa kuziba nafasi. Uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi za wanaume, uliochapishwa mwaka 2010 na mwingine mwaka 2021, haukukuta soya ikishusha testosteroni, homoni ya kiume. Hofu ya matiti imetoka kwenye visa vya watu mmojammoja, kinachosimuliwa zaidi kikiwa cha mwanamume wa Marekani, kilichoandikwa mwaka 2008, aliyekuwa akinywa karibu lita tatu za maziwa ya soya kila siku. Alipoacha, hali yake ilitengemaa. Vijana wako hawatafika huko kwa kikombe cha uji.

Kama wanataka kulinda testosteroni yao, wapunguze pombe kwanza. Pombe nyingi huumiza korodani moja kwa moja, na ini likichoka hushindwa kuondoa estrojeni, hivyo matiti wanayoyaogopa kwenye uji huenda yakawakuta kilabuni. Kitambi nacho si mzigo uliolala tu: mafuta ya mwili yana kimeng'enya kinachogeuza homoni za kiume kuwa estrojeni. Mbegu za maboga zinazosifiwa huko mazoezini zina zinki, nayo humsaidia aliyepungukiwa. Mwenye zinki ya kutosha haongezewi kitu.

Dada wa Njiro

Shikamoo mama. Mimi nina miaka 27, na mwaka jana niliambiwa nina vifuko vingi vidogo kwenye ovari, hedhi inakuja baada ya miezi mitatu na ndevu zinaniota kidevuni. Nimeandikiwa metifomini ingawa sina kisukari, na jambo hilo halikuelezwa vizuri. Shangazi yangu ananishauri chai ya nanaa na maji ya mdalasini, na dada mmoja kazini anauza mchanganyiko wa mimea kumi na mbili kwa ajili ya hali hii. Ninaomba unieleze nishike lipi.

Mama Kihamba, Moshi

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kukosa maelezo, kwa sababu maelezo yenyewe si magumu. Katika hali yako mara nyingi mwili huwa hausikii insulini vizuri, basi kongosho humwaga insulini nyingi ili isikike, na insulini hiyo nyingi huzichochea ovari kutoa homoni za kiume kupita kawaida. Ndevu na hedhi zinazochelewa hutoka hapo. Metifomini huusaidia mwili kuisikia insulini, ndiyo maana umepewa bila kisukari. Nayo asili yake ni mmea: wataalamu walianza na kiini cha galega, mmea wa Ulaya uliotumiwa kienyeji kwa wenye mkojo wa sukari, ila galega yenyewe ilikuwa na sumu, na ilibidi kiini hicho kirekebishwe. Daktari Jean Sterne wa Ufaransa ndiye aliyechapisha matumizi yake kwa wagonjwa mwaka 1957.

Nanaa haina ubaya. Uingereza, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, wanawake 42 wenye hali kama yako waligawanywa, wengine wakanywa chai ya nanaa mara mbili kwa siku kwa siku 30, na testosteroni yao ilishuka. Nywele zilipopimwa hazikuwa zimepungua. Siku 30 ni chache mno kwa nywele, kwa hiyo shangazi yako hajakosea, ila usiivunje ahadi ya hospitali kwa sababu ya birika. Mdalasini mwekundu mzito aina ya kasia una kumarini inayoweza kuliumiza ini ukinywewa kwa wingi kila siku. Wa kwenye chai na pilau hauna neno.

Lenye nguvu kuliko yote hayo ni sahani. Mtu mwenye uzito uliozidi akipunguza hata asilimia 5 hadi 10, mara nyingi hedhi hurudi kwenye mstari. Hapa kwetu tumebahatika: ndizi mshare mbichi zilizochemshwa zina wanga ambao sehemu yake haimeng'enywi haraka, tofauti na ndizi iliyoiva ambayo wanga wake umeshageuka sukari. Maharage, kunde, mnafu, parachichi. Kinachotuharibia ni soda, chapati za asubuhi na chai ya vijiko vinne.

Mchanganyiko wa mimea kumi na mbili usiuguse. Mimea miwili ikigombana tumboni mwako hutajua ni upi, na anayeuza pia hajui.

Bibi wa Machame

Nami niseme neno kuhusu mtori, maana vijana wanaandika mitandaoni kwamba mtori "huleta homoni ya maziwa". Nimewahudumia wakwe wanne uzazini. Mtori tuliupika kwa mshare, nyama yenye mfupa, siagi na maziwa, ukapondwa hadi ukalainika kabisa, na mzazi alikunywa akiwa amepumzishwa asiguse jembe. Maziwa yalitoka. Lakini mkwe wangu wa tatu alikunywa mtori uleule na maziwa yakasitasita hadi siku ya tano, kwa sababu mama yake alikuwa akimpa mtoto maji ya sukari kwa chupa ili "mzazi alale". Tulipoiondoa chupa na mtoto akalazwa kifuani usiku na mchana, maziwa yalijaa. Mama Kihamba, nieleze kama nimeelewa sawasawa.

Mama Kihamba, Moshi

Shikamoo bibi. Umeelewa kuliko wengi waliosoma. Prolaktini, inayotengeneza maziwa, hupandishwa na mtoto anaponyonya, na zaidi usiku; oksitosini, inayoyasukuma yatoke, huitikia kunyonya na utulivu wa mama. Chupa ya maji ya sukari ilimshibisha mtoto, hakunyonya, na ubongo wa mama haukupokea taarifa. Mtori ulimpa mzazi nguvu, maji na protini, na desturi ya kumpumzisha ilifanya kazi kubwa kuliko sufuria. Uwatu na shamari husifiwa kwa maziwa pia, ushahidi wake ni mwembamba, na hakuna kati yake unaozidi mtoto anayenyonya mara nane hadi kumi na mbili kwa siku.

Mbege, pombe yetu ya ndizi, ndiyo ningeiondoa uzazini, bibi unisamehe. Kilevi huizuia oksitosini, kwa hiyo titi linaweza kuwa limejaa na mama akajiona amefanikiwa, huku mtoto akipata kidogo. Uji wa ulezi bila kuchachushwa utafaa zaidi.

Fundi wa Sakina

Ndugu zangu, nimesoma kimya, lakini kuna jambo limenigusa. Mama yangu mzazi anaumwa magoti. Miezi mitano iliyopita alinunua sokoni unga wa kahawia unaosemwa ni wa mizizi, kijiko kimoja kwenye chai asubuhi. Siku ya tatu alipanda ngazi bila fimbo, tukashangilia. Sasa uso wake umekuwa wa mviringo, mashavu yamejaa, mikono imekonda, na sukari yake, ambayo haikuwahi kuwa na shida, imepimwa 14. Wiki iliyopita unga uliisha, na tangu juzi hana nguvu za kuinuka, anatapika na kusema kichwa kinazunguka. Je, mimea hiyo imepandisha homoni gani?

Mama Kihamba, Moshi

Mdogo wangu, acha kusoma hapa sasa hivi, mchukue mama yako umpeleke hospitali kubwa usiku huu, na ubebe kopo la unga huo hata kama limebaki vumbi. Waambie maneno haya: alitumia unga kwa miezi mitano, uso ukajaa, ameacha ghafla, na sasa anatapika na kizunguzungu.

Wengine nitawaeleza sababu wakati tunasubiri habari. Dawa ya majani inayoondoa maumivu ya miaka kwa siku tatu huenda siyo majani. Nchi nyingi zimekuta unga na vidonge vya "asili" vya viungo vikiwa vimechanganywa na deksamethasoni au predinisoloni, kama vile vya nguvu za kiume vinavyokutwa na sildenafili. Deksamethasoni na predinisoloni hufanya kazi ya kotisoli, homoni inayotengenezwa na tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo. Ukizitumia kwa miezi, tezi hizo hulala kwa kuwa kazi yao imefanywa na mwingine. Ukiacha ghafla, mwili unabaki bila kotisoli, shinikizo la damu linaanguka, na mtu anaweza kufa. Ndiyo maana hospitali huzipunguza polepole, wala hazikatwi kwa siku moja. Sina uhakika kwamba ndicho kilichompata huyu mama, lakini dalili alizozitaja haziruhusu kusubiri asubuhi.

Mzee wa Tengeru

Tunamwombea. Wakati tunasubiri, nina swali dogo la mwenye shinikizo la damu: nimeambiwa niache balungi, na nina mti wake uani.

Mama Kihamba, Moshi

Mpe jirani, mzee. Balungi huzuia kimeng'enya cha utumbo kinachovunja dawa nyingi, zikiwamo nifedipini na baadhi ya dawa za kolesteroli, hivyo dawa huingia kwenye damu zaidi ya kipimo ulichoandikiwa. Jambo hilo liligunduliwa kwa bahati huko Kanada na kuchapishwa mwaka 1989: watafiti walitumia juisi yake kuficha ladha ya kilevi katika jaribio, wakakuta dawa imezidi damuni. Estrojeni ya vidonge vya uzazi wa mpango nayo hupanda kwa njia hiyo. Machungwa ya kawaida hayana neno. Na ukikutana na urukususu, mzizi mtamu unaotiwa kwenye baadhi ya chai na dawa za kikohozi, uukimbie pia: huifanya kotisoli ishike figo, chumvi ibaki mwilini, potasiamu ipotee, na shinikizo lipande.

Fundi wa Sakina

Nimerudi. Alilazwa, akawekewa maji na sindano ya haidrokotisoni, dawa ya kuziba pengo la kotisoli, na asubuhi alikaa kitandani akaomba uji. Sukari inashuka. Daktari amesema atapewa vidonge vya kupunguzwa kidogokidogo kwa majuma kadhaa, na unga umechukuliwa kwenda kupimwa. Mama anauliza kama akitoka anaweza kuendelea na kahawa yake ya asubuhi, kwa kuwa ana kidonge cha tezi pia.

Mama Kihamba, Moshi

Mungu ni mwema. Mwambie shikamoo yangu. Kahawa yake aendelee nayo, ila nayo huzuia kidonge cha tezi, kwa hiyo kidonge kitangulie kwa maji matupu na kahawa isubiri kwa muda wa saa moja. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu visubiri kwa muda wa saa nne. Mimi changu nakiweka kando ya mswaki. Nikishameza naenda kumkatia ng'ombe majani, na nikirudi saa huwa imekwisha, ndipo naweka maji jikoni.